Jibu kwa mwalimu wa Nakuru: siku tano za baiskeli kwenye vilima vya magharibi

Swali: "Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru, nina miaka 46. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mtumba ya gia 21, na kila Jumamosi naenda Njoro na kurudi bila taabu. Desemba, mimi na binti wa dada yangu tunataka kuzunguka magharibi kwa siku tano, tuone vijiji na mahali pa kihistoria. Mpango wangu ni Kisumu, Nandi Hills, Kapsabet, Kakamega, Webuye, Bungoma, Mumias, kisha kurudi Kisumu. Ni karibu kilomita 70 kwa siku. Je, milima itatushinda? Na kwenye baiskeli nibadilishe nini?"

Marahaba, Mwalimu. Nimekaa na mpango wako jioni mbili, nikiufuata kwa kidole kwenye ramani. Miguu yenu inatosha. Siku tano ndizo hazitoshi, na nikikuacha uende hivyo utarudi Nakuru na picha za mabango ya barabarani tu.

Kilomita za kwenda Njoro na kurudi na kilomita 70 za huku si ndugu. Barabara ya Njoro hupanda taratibu, mtu anaweza kuzungumza njia nzima. Kutoka Chemelil kwenye mashamba ya miwa hadi mjini Nandi Hills kwenye majani chai, unapanda zaidi ya mita 700 kwa mkupuo mmoja, na hapo tayari umetoka Kisumu asubuhi na jua la bonde limekupiga mgongoni. Ukifika juu ni jioni. Jumba la kumbukumbu la Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na Waingereza tarehe 19 Oktoba 1905, litakuwa limefungwa, na kesho yake alfajiri lazima uondoke ili usichelewe Kakamega. Chetambe, juu ya Webuye, ambako Wabukusu walipambana na jeshi la Waingereza mwaka 1895, utapapita hivyo hivyo, ukitazama saa.

Sehemu kubwa ya historia ya magharibi haina kibao wala mlango wa tikiti. Iko kwenye kichaka ambacho hakijakatwa kwa sababu wazee wamekataa. Iko kwenye jiwe katikati ya shamba la mahindi, kwenye kituo cha reli kilichoota nyasi, na kwa mzee aliyeketi chini ya mwembe, ambaye hatafungua kinywa mbele ya mtu aliyeacha mguu mmoja kwenye kanyagio. Mtu wa kilomita 70 kwa siku hashuki kwenye baiskeli. Kwa hiyo naomba uondoe Nandi Hills, Kapsabet, Webuye na Bungoma. Hizo ni safari mbili nyingine, na zote zinastahili. Safari hii iwe na Kisumu, Maseno, Luanda, Butere, Mumias na Kakamega, kilomita 30 hadi 50 kwa siku, na siku moja nzima msihame.

Kabla ya kukueleza njia, nikupe siri ambayo ilinichukua miaka kuielewa, kwa kuwa itakusaidia popote utakapoendesha huku. Unapofungua ramani, tafuta mito kwanza, barabara baadaye. Nzoia na Yala zote zinatoka nyanda za juu za mashariki na kuteremka kuelekea ziwani. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa ardhi. Barabara inayokwenda sambamba na mito hukaa juu ya mgongo, na miguu hupumzika. Barabara inayokata mito hushuka hadi darajani, ikapanda, ikashuka tena kwenye kijito kinachofuata, na kila kijito kinakudai. Watu wawili wanaweza kuendesha kilomita 30 siku moja katika kaunti moja, mmoja akafika anaimba na mwingine akafika hasemi, kwa sababu hiyo tu.

Siri ya pili ni reli. Garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo waliojenga reli walitafuta mahali ambapo ardhi inainuka polepole. Kisumu yenyewe iko kwenye tawi la bonde la ufa, karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na upande wa kaskazini kuna ukuta wa vilima. Barabara ya Kakamega inaukabili ukuta huo moja kwa moja, kupitia Mamboleo hadi Kiboswa. Lakini reli ya tawi la Butere ilizunguka kwa magharibi: Kisian, Lela, Luanda, Yala, hadi Butere. Nasi tutapanda upande wa reli, tuteremke upande wa Kiboswa. Usiubadilishe mzunguko huu. Ukiufanya kinyume, siku ya kwanza itakuwa ndiyo mbaya kuliko zote, na binti wa dada yako hatakusamehe.

Siku ya kwanza basi ni Kisumu hadi Luanda kwa barabara ya Busia. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuna baridi kidogo na malori ni machache. Kisian mtaona njia panda, kushoto ni Bondo na kulia ni Maseno. Kama mna nguvu na hamu, njia ya Bondo inaenda Kit Mikayi, mwamba mkubwa wa Seme uliorundikana jiwe juu ya jiwe, karibu kilomita 30 kutoka Kisumu. Jina lake ni jiwe la mke wa kwanza, na hadi leo kuna watu wanaokwenda kufunga na kuomba pale. Lakini kwenda na kurudi ni nusu siku. Mimi ningepaacha, nishike njia ya kulia.

Kutoka Kisian mnapanda hadi Maseno, mita mia tatu na zaidi kwa jumla, nyingi zikiwa za mwinuko wa kuvumilika. Mstari wa Ikweta unapita Maseno. Shule ya Maseno ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906, na Jaramogi Oginga Odinga alisoma pale, kisha akafundisha pale. Wewe ni mwalimu, utapaelewa kuliko mimi. Jambo ninalolipenda Maseno ni kwamba lugha hubadilika masikioni ukiwa bado unahema. Umeamkia "Oyawore" kwa Wajaluo asubuhi, na kilomita chache mbele unajibiwa "Mulembe" na Wanyore. Jifunzeni salamu zote mbili kabla ya kuondoka Nakuru. Zina thamani kuliko pampu.

Luanda ni soko kubwa, mtapata pa kulala na kuku wa kienyeji. Upande huo wa Bunyore ndiko kwa ukoo wa Nganyi, watu wanaojulikana vizazi na vizazi kwa kusoma mvua: wanatazama miti inavyochanua na kupukutisha majani, siafu wanavyohama, ndege wanavyolia. Idara ya hali ya hewa ya serikali imefanya kazi pamoja nao, ikilinganisha utabiri wao na wa mitambo. Vichaka vyao vitakatifu vimebaki na miti ya asili ambayo kwingine imekwisha. Msiingie humo wenyewe. Ulizeni kwa mzee wa kijiji, na mkikataliwa mshukuru muende zenu.

Siku ya pili mnaelekea kaskazini kupitia Khwisero hadi Butere, kisha Mumias. Hapa mnakata mto Yala, na kanuni niliyokueleza mtaiona kwa magoti yenu. Mteremko wa kwenda darajani ni mtamu, kisha mlima wa upande wa pili unaanza kabla hamjamaliza kufurahi. Pale shukeni mkokote baiskeli. Waendesha boda boda wa baiskeli wa huku hukokota kila siku, wakiwa na magunia ya mahindi nyuma, na hakuna anayewacheka. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa upande huu, mpakani Busia na Malaba, kwa vijana waliokuwa wakivusha watu kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine miaka mingi kabla ya pikipiki. Ukipita na baiskeli huku unapita mahali ambapo chombo chako kinaheshimiwa. Karibu kila soko lina fundi mwenye mti, beseni la maji na kopo la solusheni.

Sasa Mumias. Laleni pale usiku mara mbili, na hiyo siku ya tatu acheni mizigo chumbani.

Watu wengi wanaijua Mumias kwa sukari, na ni haki yao. Lakini kabla ya miwa palikuwa na ufalme wa Wawanga, chini ya Nabongo, yaani mfalme wao, na pale ndipo misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilipopumzika na kununua pembe za ndovu na chakula kabla ya kuendelea Uganda. Wakati huo mji ulijulikana kama Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, baba yake Mumia. Msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alifika mwaka 1883. Miaka miwili baadaye Askofu James Hannington aliacha sehemu kubwa ya msafara wake pale, akaenda mbele na watu wachache, akauawa Busoga mwezi Oktoba 1885. Waingereza walipoanza kutawala upande huu, Mumias ndiyo iliyokuwa makao yao, na makao hayo yalihamishiwa Kakamega mwaka 1920. Nabongo Mumia mwenyewe aliishi hadi 1949.

Nakwambia haya yote ili ukiingia mjini ujue unachokitazama. Adhana utakayoisikia Mumias si ya wageni wa juzi. Uislamu ulifika na misafara hiyo ukakaa katika nyumba ya kifalme yenyewe, na Kiswahili kikakaa pia, kilomita mamia kutoka baharini. Mimi ni mtu wa huku, na kila nikipita msikitini saa za alasiri huwa nafikiria wale wapagazi waliotembea kutoka Mombasa kwa miguu, mizigo kichwani. Sisi tuna magurudumu mawili na tunalalamika.

Kituo cha utamaduni cha Nabongo kiko upande wa Matungu, nje ya mji, na pale kuna kaburi la Mumia na makaburi ya wafalme wengine. Nendeni asubuhi, kwa baiskeli tupu, mwendo wa starehe. Muwe na saa tatu za kukaa. Ulizeni kuhusu Nabongo, kisha ulizeni kuhusu wale ambao hawakumpenda, maana habari za Mumia huko Bukusu na kwa Wajaluo husimuliwa kwa sura nyingine, na mwenyeji mzuri atakueleza pande zote. Mkifika msikitini jifungeni leso na mtandio. Na kwa kuwa umeniuliza kama mwalimu, nitaongeza hili: suruali ya kubana ya baiskeli haina ubaya barabarani, lakini sokoni na kwenye boma la mtu vaa kitu kipana juu yake. Utapewa kiti haraka zaidi.

Siku ya nne ni Mumias hadi Kakamega, karibu kilomita 35. Mnapanda kutoka kama mita 1,300 hadi zaidi ya 1,500, lakini mko juu ya mgongo, kwa hiyo hamtahisi sana. Hatari ya njia ile ni matrekta ya miwa. Trela huyumba, mabua huning'inia pembeni kama mikuki, na dereva haoni nyuma. Ukisikia trekta, toka barabarani kabisa, usimame. Chonde.

Kakamega fikeni mapema muone msitu kama nafasi ipo. Ni kipande cha mwisho hapa Kenya cha msitu wa mvua wa aina ya Kongo, na ndege wake na vipepeo wake hawana mfano nchini. Kama siku ya tano itaangukia Jumamosi, uliza kama kuna mapigano ya fahali upande wa Khayega au Malinya. Huanza asubuhi na mapema, na ngoma ya isukuti huwatangulia. Ngoma hiyo iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Simameni mbali na fahali. Lakini Jumamosi pia ni siku ya mazishi huku, na misafara ya magari huja kwa kasi kutoka Nairobi tangu Ijumaa, kwa hiyo kaeni pembeni sana siku hizo mbili. Na makaburi yaliyo ndani ya maboma msiyapige picha.

Asubuhi ya kurudi, nje kidogo ya Kakamega, mtafika Ilesi. Kando ya barabara akina mama hupanga vyungu vya udongo walivyofinyanga wenyewe, na juu yao kuna Jiwe Linalolia, nguzo ya mwamba yenye kofia ya jiwe, maji yakiteremka usoni pake kama machozi. Chungu kikubwa hakibebeki. Nunueni kidogo mkifunge ndani ya nguo.

Baiskeli sasa. Umeuliza ubadilishe nini, na jibu ni vitu viwili kabla ya kitu kingine chochote: gia ya nyuma na raba za breki. Usitumie pesa kwa kingine mpaka hivyo vimekamilika.

Baiskeli nyingi za mtumba za gia 21 zina meno 28 kwenye sproketi ndogo ya mbele, na meno 28 kwenye ile kubwa ya nyuma. Hesabu yake ni rahisi: mzunguko mmoja wa miguu unazungusha gurudumu mara moja, na gurudumu la inchi 26 likizunguka mara moja unasonga kama mita mbili. Mlimani, ukiwa na mzigo, huo ni mzigo wa goti. Nenda kwa fundi akuwekee friwili, yaani lile fungu la sproketi za nyuma, ya meno 14 hadi 34. Mzunguko mmoja sasa utakusogeza kama mita 1.7. Ukizungusha miguu mara 60 kwa dakika utakwenda kilomita 6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka, na goti halitalalamika. Mwambie fundi aangalie kwamba mkono wa kubadili gia unafikia hiyo sproketi kubwa, na cheni iongezwe pingili zinazohitajika, la sivyo itakatika siku ya kwanza.

Kisha ijaribu hapo hapo kwenu. Kutoka mjini Nakuru, mita 1,850, hadi ukingo wa Menengai, mita 2,278, ni mpando wa zaidi ya mita 400, karibu sawa na mtakaoupanda siku ya kwanza. Panda mara moja kwa wiki kwa wiki sita, mara mbili za mwisho ukiwa na mzigo kamili. Ukifika juu ukiwa unaweza kusema sentensi nzima, uko tayari. Tena mna bahati: mmezoea hewa nyepesi ya Nakuru, na huku chini mapafu yenu yatapata hewa nzito zaidi. Joto la Kisumu ndilo litakalowashangaza, kwa hiyo kunyweni nusu lita ya maji kila saa hata kama hamna kiu.

Raba za breki ziwe mpya, na mbebe jozi mbili za akiba. Udongo mwekundu wa Maragoli na Bunyore ukilowa hugeuka msasa. Nimewahi kuona jozi ikiisha kwa alasiri moja ya mvua. Spea nyingine ni tyubu mbili, viraka, na pampu. Hapa kuna mtego mmoja. Kama baiskeli ya binti ni ya magurudumu ya 700, vijijini ataonyeshwa tairi la "28", na ataambiwa ni moja. Hapana. Ile 28 ya Black Mamba, baiskeli nzito za vijijini, ina kipenyo cha rimu cha milimita 635, na ya 700 ni milimita 622. Haitakaa. Abebe tairi lake la akiba. Inchi 26 yako utaipata kila soko.

Mzigo usizidi kilo 8 kila mmoja, na uwe kwenye keria, umefungwa kwa blada, chini kadiri inavyowezekana. Msibebe mkoba mgongoni. Mlimani unakulalia shingoni, na kwenye mteremko unakusukuma mbele.

Kuhusu Desemba: nendeni nusu ya kwanza ya mwezi. Baada ya tarehe 20, Nairobi nzima inarudi nyumbani, na barabara za huku hazina nafasi ya kutosha pembeni kwa baiskeli. Mvua za vuli zinakuwa zimepungua, lakini ziwa lina desturi yake. Mchana upepo wa ziwani unapanda na kukutana na vilima, na mawingu yanajengeka. Saa nane au tisa hupiga radi. Muwe mmefika mnakolala kabla ya saa saba. Radi ikiwakuta barabarani, ingieni dukani au kanisani, si chini ya mti.

Kutoka Nakuru leteni baiskeli kwa basi. Ng'oeni gurudumu la mbele, geuzeni usukani, na mfunge katoni upande wa gia ya nyuma. Simameni mtazame ikipakiwa, upande huo uwe juu.

Mwisho ni mteremko wa kurudi. Baada ya kuvuka Yala tena na kupanda hadi Chavakali, Mbale na Majengo, mtafika Kiboswa na ziwa litafunguka mbele yenu lote. Kila mtu anataka kuachia pale. Rafiki yangu mmoja alishuka akishikilia breki bila kuziachia, rimu ikapata moto, tyubu ya mbele ikapasuka, akavunjika mfupa wa bega. Shikeni breki zote mbili kwa nguvu kidogo, mwachie, mshike tena. Katikati ya mlima simameni mguse rimu kwa kidole. Ikiwa inaunguza, kaeni chini mnywe maji, mtazame Kisumu, na msiendelee mpaka ipoe.